Mtu wa Tatu Kidimbwini

Walikutana katikati ya msukumano wa soko la Kitale, Sandra Jepchirchir akizoa pamba zote za masikio kwenye duka la dawa. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa pasi, alimuuliza ana masikio mangapi.

"Ni za kaa," Sandra akasema. "Nampangusa mgongo, namrudisha majini akiwa mzima. Pamba inaenda maabara, wanasoma DNA, wanajua ni kaa wa aina gani."

"Ati kaa? Si uje kwetu Bungoma, bana. Mto Kuywa umejaa hao."

Huyo ndiye Wekoye. Kufikia mvua za Aprili walikuwa wamependana hasa, simu haziishi, na kila Jumamosi Wekoye alimshikia kaa kwenye kidimbwi kimoja cha Mto Kuywa. Mahali penyewe palimsisimua Sandra mwili: hapakulia chura, na kaa walipanda jiweni wenyewe bila kutafutwa. Kama kazi inavyotaka, wote wawili walipeleka mate yao maabara ili DNA yao itengwe na ya kaa.

Majibu ya pamba yalikuja na DNA ya mtu wa tatu, mwanamke. Sandra hakufika ukurasa wa pili. Wivu ulimpanda, akampigia Wekoye, akamwambia abaki na huyo anayempeleka mtoni. Wekoye aliapa hakuna mtu, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Zilipita wiki tatu za kulia ndipo akausoma ukurasa ule. Mwanamke yule na Wekoye walizaliwa tumbo moja, na alama zake za DNA kwenye kaa zilikuwa mbichi, za siku chache tu. Kesho yake Sandra alikuwa Bungoma, akaomba msamaha kwanza, kisha akamuuliza Wekoye kama ana dada.

"Nilikuwa naye. Nasambu. Maji yalimbeba mwaka juzi, pale pale kidimbwini. Mwili haukupatikana, tukazika mgomba badala yake."

"Labda ulishika kaa kwa leso yake."

"Nguo zake zote tulizika na huo mgomba."

Sandra alimpa karatasi ya majibu. Wekoye aliisoma mara mbili, na Sandra akaogopa kwamba sasa amempoteza kabisa.

"Usiniache tena," Wekoye akasema. "Huko siwezi kwenda peke yangu."

Sandra alimpenda na aliogopa, yote kwa pamoja. Wakashuka mtoni wameshikana mikono, jua likiwa utosini. Wekoye akaita jina la dada yake, polepole.

Ng'ambo, ndani ya matete, sauti ya mwanamke ikauliza amekuja na nani.

Wekoye hakuuachilia mkono wa Sandra.

"Ni huyu nitaoa, dada."