Mbegu Mbili za Tunda Moja

Sikusimuliwa. Nilikuwepo, kwa macho yangu haya mawili, na mtu yeyote wa Nshamba akikuambia Rugaibula ni muongo, muulize yeye alikuwa wapi jioni hiyo. Alikuwa kwake anamenya ndizi.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini ile milima ya mawe nyuma yetu naisoma kuliko mwalimu anavyosoma ubao. Ndiyo maana Hafidhi alinitafuta mimi. Hafidhi anauza simu Bukoba mjini, mtu wa swala tano, mpole, kitambi kimeanza kumtangulia mlangoni. Alitaka kupanda Ibale kabla mkewe hajajifungua. Ibale kwa Kihaya ni jiwe tu, na mwamba ule tunauita hivyo kwa sababu una urefu na ukali, basi, hauna kingine. Unaupanda kwa mikono, si kwa miguu. Kutoka chini mpaka juu na kurudi ni kazi ya siku nzima, na ukikutwa na ukungu wa ziwa huko juu, ujue unalala huko.

Rahima, mkewe, alimnyang'anya simu tukiwa tunapanga.

"Ta Rugaibula, mzee wangu, mimba hii inakaribia. Nimempa siku moja. Apande, ashuke, arudi. Ukinirudishia nusu sipokei."

"Mama," nikamwambia, "nitakurudishia mzima, na kitambi kimepungua."

Aliponicheka niliona nimeshaahidi.

Siku moja kabla ya safari Hafidhi akaja Nshamba na viatu vipya vyenye meno kama ya trekta. Tukanunua kamba, maji, glukosi, na ndizi mbivu za kula njiani. Nikamchorea njia mchangani kwa kijiti: tunaondoka alfajiri, tunapita migomba, tunaingia kwenye ufa wa mwamba kabla jua halijachoma. Likabaki jambo moja dogo. Njia inapita uani kwa Ndyamukama, mwenye kibanja, shamba la migomba, cha mwisho chini ya mwamba, na uani kwa mtu huwezi kupita alfajiri kama mwizi. Twende tukamwombe njia leo hii, nikamwambia.

Jua lilikuwa linazama.

Tulipofika kwenye mawe ya kwanza, Hafidhi akasema ajaribu viatu. Akapanda hatua chache, akateleza, akachunika kiganja. "Kumbe haya meno hayang'ati," nikamtania. Hakucheka. Alikuwa anasikiliza.

Ko... ko... ko...

Kama mtu anagonga jiwe kwa jiwe. Taratibu. Halafu vyura wote wakanyamaza pamoja.

Mbele yetu, mahali ambapo nilijua pana vichaka tu, palikuwa na nyumba ya nyasi. Ya zamani, ile ya msonge, ambayo sasa huioni tena. Mlango wazi. Ndani sakafu imetandikwa nyasi mbichi, zimekatwa sasa hivi, harufu yake imejaa njiani. Na chini ya harufu hiyo, nyingine. Jiwe lililolowa. Lakini mvua haikuwa imenyesha.

"Wasibota, waitu," nikasalimia, kwa sababu adabu ni adabu.

"Ingieni," sauti ikajibu. "Nimewatandikia."

Hafidhi akaninong'oneza, "Mzee, ulimpigia simu?"

"Huku mtandao utoke wapi?"

Hakuwa Ndyamukama. Alikuwa mwanamume wa makamo nisiyemjua, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Ameketi. Hakutuuliza majina.

"Kesho mnapanda."

"Ndiyo, kaka," Hafidhi akajibu. "Tunaomba kupita."

"Mgeni atateleza. Ndugu yangu hatateleza."

Akavuta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ikakaushwa na maganda yake. Kwetu mgeni hupewa hiyo hata kabla ya maji, na mgeni haikatai. Hafidhi akanyoosha mkono.

"Ngoja," yule mtu akasema. "Unatoka damu."

Akachukua tunda moja. Akalipasua kwa kucha. Tunda la kahawa lina mbegu mbili zilizolala kifua kwa kifua. Moja akaipitisha kwenye kiganja cha Hafidhi, polepole, mpaka ikawa nyekundu.

Akaimeza.

Hafidhi ni mtu wa mjini, kwake kahawa ni kahawa. Mimi babu yangu alinieleza habari ya omukago. Wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, walijichanja karibu na kitovu, kila mmoja akameza mbegu yenye damu ya mwenzake, mbegu mbili za tunda moja. Kuanzia siku hiyo hamnyimani kitu. Akitaka nyumba yako, unampa. Akitaka kukaa mahali pako na wewe ukae pake, unahama. Kanisani walikataza, msikitini walikataza, mambo yakaisha zamani.

Nikadhani yameisha.

Hafidhi alikuwa amegeuka anautazama mwamba kupitia mlangoni. Yule mtu akafungua vifungo vya shati, cha chini, kinachofuata... akafunua tumbo. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na sahani yangu ya chakula. Tumbo lilikuwa laini, tambarare.

Hakuwa na kitovu.

Akajikwaruza palepale ambapo kingekuwepo. Hakikutoka chekundu. Yalitoka maji, matone mawili matatu, kama jiwe linavyotoa jasho. Akapaka mbegu ya pili, akamwekea Hafidhi mkononi.

"Kula, ndugu."

Nikamwona Rahima na tumbo lake lile. Nikaona nani angeenda kubisha hodi kwake, na nani angebaki humu.

Nikaipora.

Lakini kahawa ya mwenyeji huitupi mbele yake. Nikaitia mdomoni mwangu, nikaibana shavuni, nikatabasamu kama mgeni mwema. Yule mtu akanitazama muda mrefu. Nilitegemea angekasirika.

"Basi," akanong'ona. "Hata wewe unafaa."

Nikamshika Hafidhi ukosi, tukatoka. Tulipofika kwenye mgomba wa kwanza nikaitema ile mbegu, nikaisikia ikidondoka juu ya jani kavu. Tukakimbia. Hafidhi na kitambi chake alinipita.

Asubuhi tulirudi na Ndyamukama mwenyewe, kwa sababu mchana kila mtu ni shujaa. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na kibanda cha mizimu cha ukoo wake, kinanifika gotini, kimeinama, hakijaguswa siku nyingi.

Ndyamukama akachungulia ndani. Akanyooka haraka.

"Nani katandika nyasi mbichi humu?"

Akatutazama mmoja mmoja. "Ta Ruga, mlikula kitu?"

"Nani, mimi?" nikasema. "Nilitema."

Ibale hatukupanda. Hafidhi alirudi Bukoba siku hiyohiyo, mzima, nami nikajisifu kila kilabu kwamba nimetimiza ahadi. Viatu aliviuza. Rahima akajifungua mtoto wa kike, akaitwa Siti.

Kisha Rahima akanipigia. Alikuwa ananong'ona.

"Kuna mtu alikuja saa ya magharibi, Hafidhi akiwa msikitini. Ana kikapu. Anasema yeye ni ndugu yake. Hafidhi hana ndugu mwanamume."

"Ulimfungulia?"

"Sikufungua. Nilimwona dirishani. Hakung'ang'ania. Alisema huyu wa hapa hakumaliza. Akauliza nyumba ya yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Yule mwenye mdomo."

Nikainuka, nikaukomea mlango wangu.

"Shati lake lilikuwa limelowa tumboni," Rahima akaendelea. "Akawa anajikuna, shati likafunuka. Ana kitovu kibichi, Ta Rugaibula. Kama cha Siti kabla hakijadondoka." Akavuta pumzi. "Nilimwambia Nshamba. Nisamehe. Nina mtoto ndani."

Simlaumu. Ningekuwa yeye ningemtajia na rangi ya mlango.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na yaliyobaki nimeambiwa na mwanamke asiye na sababu ya kudanganya. Ila katika habari hii nimetunga jambo moja, na najua unalodhani. Unadhani ni lile la tumbo lisilo na kitovu.

Hilo ni kweli.

La kutunga ni lile la kwenye mgomba. Sikutema. Nilipofika pale na kufungua mdomo, shavuni hapakuwa na kitu. Ilikuwa imeshateremka yenyewe, baridi, kama nimemeza kokoto.

Siku hizi nikioga nakitafuta kitovu changu kwa kidole. Juzi kilikuwepo, kina chake kimepungua. Jana niliona kama alama tu. Leo mke wangu alikuwa ananisugua mgongo, mkono wake ukazunguka mbele tumboni, ukasimama. Ukarudi. Ukasimama tena.

Akaenda kuleta taa.