Mti wa Mzinga

Desemba ile shule zilikuwa zimefungwa, na kila asubuhi Damari aliwapelekea uji baba yake na kaka yake msituni, nje ya kijiji chao kipya wilayani Chunya. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, magome ya miti ya miyombo yalibanduka kwa urahisi, na baba, Mzee Jailos, alikuwa mbioni kutengeneza mizinga ya nyuki kwa magome hayo. Ile ya zamani waliiacha mbali walipohamia kijijini.

Siku hiyo Damari alifika akiwa na jambo lililomkaa rohoni. Jana yake baba alichagua myombo mmoja mnene, akaufunga ukanda ili Yotamu, kaka yake Damari, ajue ndio wa kubanduliwa gome. Damari akaona kwenye panda ya mti huo kiota cha kindege wa madoadoa, yule anayeparamia magome akidonoa wadudu. Makinda yalikuwa yakilia ndani. Mti ukibanduliwa gome hufa. Badala ya kumwambia baba, alingoja ampe kisogo, akauhamishia ukanda mti wa jirani. Alijiona mjanja kweli, mtoto aliyeogopa kukataliwa kabla hajaomba.

Sasa Yotamu alikuwa akinoa shoka, baba akiwa kwenye mti mwingine mbali kidogo. Kindege akatua kwenye shina lile lenye ukanda, akapanda akidonoa. Kila alipodonoa, unga wa mti ulimwagika, na funza mnene akavutwa nje. Damari akashtuka. Mti ule ulikuwa umeliwa ndani.

Yotamu akaja, kindege akaruka. Kijana akapanda ili alikate gome kuanzia juu, bila kuangalia sana, kwani ukanda wa baba ulimtosha. Damari alitaka kusema, lakini aliwaza kiota, akawaza na hasira za baba. Shoka likaanza kulia juu. Vumbi la mti likamwangukia usoni, kisha akasikia mti ukilia kwa ndani.

“Kaka, shuka! Huo siyo mti wa baba. Ukanda niliuhamisha mimi!”

Yotamu akalitupa shoka, akateleza chini huku magome yakimchubua mikono. Hakuwa amefika hata hatua chache pembeni, tawi alilokuwa amesimamia likakatika na kuanguka kwa kishindo.

Baba alikuja mbio. Alimpapasa Yotamu kichwa na miguu, kisha akaketi chini. Damari akaeleza yote huku akilia. Baba akamsogeza karibu, akasema.

“Miti imejaa hapa, mwanangu. Ungeniomba jana, ningekuachia ule wenye kiota, na bado nakuachia. Kumhurumia ndege si kosa. Kosa ni kunidanganya, maana kaka yako alipanda kwa kuniamini mimi. Siku nyingine ukiogopa kusema kweli, iseme hivyo hivyo huku unaogopa.”