Mtamba wa Nanyori

Mepukori anaendesha gari la watalii. Anaishi Karatu mjini na mkewe Sinyati na watoto wao wawili. Nanyori ana miaka mitano. Simel, mdogo wake, ndio kwanza ameanza kutembea. Asubuhi Mepukori huwapeleka wageni kreta ya Ngorongoro, na jioni hurudi na vumbi hadi kwenye kope. Sinyati hushona shanga na kuziuza madukani. Wanakula, wanalala, watoto wana afya. Shida kubwa hawakuwa nayo.

Shida waliitafuta wenyewe, mwezi wa Desemba.

Mnaoijua Karatu mnaijua Desemba yake. Wenye maduka wanatoa spika nje. Wanatundika midoli milangoni kama nyama buchani. Mzazi akipita na mtoto anaitwa: mzee, usimwache mtoto na huzuni sikukuu hii. Huzuni gani? Mtoto alikuwa anacheka mpaka alipooneshwa asichokuwa nacho. Mimi nakumbuka sikukuu za hapa zamani. Gauni jipya, wali, soda moja ya kugawana, na tulirudi nyumbani tukiimba. Hakuna aliyetuambia kuwa tuna huzuni.

Mwaka huo Mepukori aliamua kwenda Krismasi kijijini kwao Piyaya, Umasaini. Huko yupo mama yake, Koko Sintamei. Koko ni bibi, na wajukuu humwita hivyo. Yupo pia Lemayian, mdogo wake Mepukori, anayechunga ng'ombe wa familia. Mepukori hakutaka kufika mikono mitupu. Yeye ni dereva wa watalii. Watu wangesema nini?

Alianzia duka la Mwanamisi, jirani yao. Mwanamisi, mama Tariq, anauza nguo na vitu vya watoto. Alimshauri achukue mpira wa Nanyori na vikombe vya plastiki vya kupangapanga vya Simel. Mepukori akatazama ule mpira, akacheka.

"Mama Tariq, wewe ni mfanyabiashara gani unaogopa kuuza?"

"Kuuza siogopi, baba Nanyori. Naogopa kukuuzia ujinga halafu nikakuona kila siku hapo mlangoni."

Walicheka wote wawili. Mepukori hakununua. Siku ya mapumziko alipanda gari kwenda Arusha, akarudi na maboksi yaliyojaza chumba. Sinyati alishangaa, akamuuliza vimetoka wapi vyote hivyo. Mepukori alimjibu kuwa wageni wa mwezi ule walikuwa wakarimu, walimwachia tipu nzuri.

Haikuwa kweli. Ukweli Sinyati aliujua Piyaya, mbele ya boma zima.

Waliondoka Karatu alfajiri kwa gari la kuazima. Walipita lango la Ngorongoro kwenye ukungu, wakapanda ukingoni mwa kreta, wakashuka upande wa pili kwenye jua na vumbi. Njiani Nanyori hakuuliza habari za maboksi. Aliuliza habari za Narok.

Narok alikuwa mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mweusi mwili mzima. Nanyori aliponyolewa nywele za utotoni, Koko alimpa ndama jike aliyezaliwa wiki ile. Kwetu mtoto hupewa mnyama akiwa bado mdogo, naye hukua naye. Mnyama huyo akizaa, uzao wake ni wa mtoto. Ndio mwanzo wa mtoto duniani. Watu wa mjini wana vitabu vya benki. Mtoto wa boma ana ndama. Sasa Narok alikuwa na mimba ya kwanza, na Koko alikuwa amemwambia mjukuu wake kwenye simu kuwa ndama atazaliwa mvua zikianza.

Walifika alasiri. Watoto wa boma walimwinamishia Mepukori vichwa kumsalimu, naye akawagusa mmoja mmoja utosini. Kisha, kabla hajanywa hata chai, akaanza kushusha maboksi.

Jamani, niwaambie vilivyotoka humo. Kigari cha betri cha mtoto kukaa ndani na kuendesha. Mdoli mrefu kama Nanyori mwenyewe. Viatu vinavyowaka taa. Jiko la plastiki na sufuria zake. Kinanda kidogo. Baiskeli. Na vingine ambavyo hata Mepukori hakujua vinachezwaje. Boma zima lilikuja kutazama. Mdoli ulipobonyezwa tumbo uliimba kwa lugha isiyojulikana, mbuzi wakatawanyika, na bibi mmoja akauliza kama kile kitu kinalala ndani na watu.

Nanyori alishika hiki akaacha, akashika kile akaacha. Hakucheza na chochote. Baba yake alimkalisha kwenye kigari. Kikaenda hatua chache, magurudumu yakazama mchangani, kikanguruma, kikanyamaza. Kukichaji kulitaka umeme wa ukutani. Pale boma lina sola ndogo ya kuchaji simu na kuwasha taa. Nanyori akaanza kulia. Watoto wengine walikuwa wamesimama pembeni, mikono nyuma. Wao hawakuletewa kitu, na hakuna aliyewaambia kama wanaweza kugusa.

Wakati huohuo Sinyati alimwona Simel anatafuna kitu. Alimfungua mdomo kwa nguvu, akachokoa kwa kidole. Kikatoka kibetri cha duara, bapa, kidogo kama kifungo cha shati. Kilikuwa kimechomoka kwenye kinanda. Sinyati alikifumba kiganjani.

Hapo ndipo ng'ombe walipoanza kurudi.

Nanyori aliposikia kengele zao aliacha kulia. Aliacha kila kitu pale chini akakimbilia lango la boma. Alisimama upande mmoja kama Koko alivyomfundisha, akawatazama wakiingia. Wekundu, weupe, wa madoa. Aliita jina la Narok. Ng'ombe wa mwisho aliingia, kisha Lemayian na fimbo yake. Lemayian akataka kufunga lango.

"Usifunge," Nanyori alimwambia. "Narok bado."

Lemayian aliliacha lango. Alimtazama kaka yake. Koko akamtazama Lemayian, kisha akamgeukia Mepukori. Wiki nzima Koko alikuwa ameambiwa na Lemayian kuwa Narok yuko malishoni, boma la jirani. Sasa aliyasoma macho ya wanawe.

"Nanyori," Koko alisema polepole, "muulize baba yako."

Mepukori alicheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta njia. Akamshika mwanawe mkono hadi kwenye maboksi.

"Narok si huyu hapa, mama? Alikuwa wako. Nimemuuza nikakununulia wewe mwenyewe vitu hivi vyote. Vyako vyote."

Nanyori alitazama. Alikwenda kwenye kigari, akainama, akachungulia chini yake. Akafungua kimlango chake kidogo, akatazama ndani. Akafungua boksi la mdoli, akatazama humo pia.

"Yuko wapi humu?" aliuliza.

Nimeona mengi katika nchi hii. Nimeona ng'ombe wakiisha kwa ukame, nimeona na mabaya mengine. Lakini hilo sikuwa nimewahi kuliona wala kusimuliwa: mtoto anamtafuta ng'ombe wake ndani ya boksi la mwanasesere.

Sinyati alikaa chini, pale pale kwenye mavi ya ng'ombe, na kibetri bado kiganjani. Alimuuliza mumewe ziko wapi zile tipu za wageni. Lemayian akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye alikataa mwanzoni, kwamba alimweleza kaka yake kwenye simu kuwa mtamba ana mimba, na kaka yake akamjibu kuwa mwenye mimba ana bei nzuri mnadani, basi akampeleka.

Mepukori alianza kujitetea. Alisema ng'ombe ni wa mtoto, na vitu ni vya mtoto. Kosa liko wapi?

Koko alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwizi akija hapa hajui ng'ombe huyu ni wa nani. Wewe ulijua."

Akaingia ndani ya nyumba yake. Ile chai ya mgeni ikapoa, hakuna aliyeinywa.

Msidhani Mepukori ni mtu mbaya. Mimi hasira zangu haziishii kwake. Alipokuwa mdogo alichunga mbuzi kando ya barabara, na magari ya watalii yalipita, na vioo vilishuka, na pipi zilirushwa. Watoto waligombania, wageni wakapiga picha. Nayakumbuka magari yale na hata rangi zake. Pale ndipo tulipofundishwa kuwa zawadi hutoka dirishani mwa gari, na ya maana ni ile inayong'aa. Mepukori alikua, akapata gari, naye akashusha kioo. Safari hii aliyekuwa barabarani alikuwa mwanawe.

Asubuhi yake ndugu wale wawili walikwenda mnadani kuuliza. Waliambiwa mnunuzi aliwapakia ng'ombe wake kwenye lori siku ileile ya mnada. Kwa mimba au bila mimba, lori la nyama haliulizi. Walirudi mikono mitupu.

Sikukuu ilipita hivyo. Watu walikwenda kanisani, nyama ikachomwa, lakini Nanyori kila jioni alisimama langoni. Alisimama tu, hakuita tena. Mdoli ulilala juani mpaka ukapinda uso. Kigari kiligeuka kiota cha kuku.

Siku ya kuondoka Koko alimwita Mepukori mbele ya ng'ombe. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba kilichotoka kwa mtoto hurudi kwa mtoto, na hakirudi kama pesa mfukoni, kinarudi kwa miguu yake. Akamwambia Nanyori achague kwenye ng'ombe wa baba yake. Nanyori alizunguka muda mrefu. Akamgusa mtamba mwekundu, yule ambaye Mepukori alikuwa akijivunia kuliko wote. Mepukori akakubali kwa kichwa.

Waliporudi Karatu, Sinyati alikwenda dukani kwa Mwanamisi kabla hata hajafagia nyumba. Alimsimulia yote. Mepukori alifuata, akasimama mlangoni kama mteja asiyejua anachotaka. Mwanamisi hakumcheka. Kwanza aliuliza kile kibetri kiko wapi, na kama Simel alimeza kingine; Sinyati akasema hapana. Akawaeleza kuwa kibetri cha namna ile kikikwama kooni huunguza nyama ya ndani kwa saa chache tu. Mtoto akimeza, au ukihisi tu kuwa amemeza, unakwenda hospitali mbio. Husubiri kesho. Humtapishi. Kitu kisichofungwa kwa skrubu sehemu ya betri hakifai nyumba yenye mtoto mdogo, hata kama kinaimba vizuri namna gani.

"Sasa mtu anachaguaje, mama Tariq?" Mepukori aliuliza. "Niambie na mimi."

Mwanamisi alimvutia kigoda.

"Anza na mtoto, usianze na duka. Yeye anapenda kufanya nini siku zote? Mtoto mdogo kitu kimoja kinamtosha. Ukimpa vingi kwa pamoja, hachezi na hata kimoja, anabaki kuchanganyikiwa. Kiwe cha umri wake. Kinachoweza kuingia mdomoni kwa Simel si cha Simel. Kiwe kinachowezekana pale mtakapokuwa. Umeme hakuna, wewe unapeleka betri?"

"Na watu?" alisema Mepukori. "Wataona nimefika na kitu kimoja."

"Watu wanakula kwako au wanalala kwako?" Mwanamisi alimjibu. "Sisi Idi yetu ni nguo mpya na kitu kimoja cha kuchezea. Mashangazi nawaambia mapema, wasije kila mmoja na mfuko wake. Wanaotaka kutoa, nawaambia watoe cha kuchezea watoto wote. Halafu siku yenyewe duka nafunga, nakaa na wanangu. Hicho ndicho wanachokisimulia mwaka mzima. Mpira wamesahau nani aliununua." Akamsogelea Mepukori. "Na kitu kimoja zaidi, baba Nanyori. Usinunue zawadi kwa kitu ambacho mtoto tayari anacho. Hiyo si zawadi. Ni kumbadilishia mali yake bila kumuuliza."

Mepukori aliinamisha kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwaka uliofuata, Desemba, spika zilitolewa nje kama kawaida. Mepukori alipita mbele ya maduka na hakusimama. Yeye na mkewe walikaa jioni moja wakamjadili mtoto mmoja mmoja. Kwa Mwanamisi walichukua vikombe vya kupangapanga vya Simel, na mpira mmoja mzuri wa watoto wote wa boma. Kwa Nanyori hawakununua kitu dukani. Sinyati alitafuta kibuyu kidogo cha maziwa, akakisafisha, akakivisha shanga kwa mkono wake. Mepukori aliomba ruhusa kazini ya siku chache zaidi.

Walifika Piyaya jioni. Watu waliangalia gari, wakangoja maboksi, hakukuwa na maboksi. Mpira ulirushwa, na watoto wote wakaondoka nao. Mepukori mwenyewe alivua viatu akaingia mchezoni, akapigwa chenga na binti wa jirani mpaka akaanguka, boma likacheka. Simel alipanga vikombe vyake, akaviangusha, akavipanga tena.

Ng'ombe walipokuja, Nanyori alikwenda langoni. Mtamba mwekundu aliingia, si mtamba tena, na nyuma yake ndama jike anayumba kwa miguu mipya. Alikuwa amezaliwa wiki ile.

Koko alimwonesha Nanyori jinsi ya kukaa kukamua, jinsi ya kumwachia ndama chuchu zake kwanza. Nanyori alishika kibuyu chake kwa magoti. Maziwa yalikuwa machache, hayakufika hata nusu. Alisimama, akakipeleka kwa baba yake kwa mikono miwili.

Mepukori alikunywa.

"Ni wa kwangu," Nanyori alimwambia. "Usimuuze."

"Simuuzi," alisema Mepukori.

Nanyori alimtazama kwa muda. Kisha akakichukua kibuyu chake, akaenda kufunga lango.