Mvua ya Wenyewe

Vichungamvua sita vililikokota wingu juu ya nyanda za Dodoma. Vilikuwa videge visivyo na rubani, vikisukuma mvuke kwa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Enzi hizo mvua ilikuwa bidhaa: unaagiza, inaletwa, inamwagwa ndani ya mipaka ya shamba lako. Hii ilikuwa imenunuliwa na shamba la mizabibu. Upepo ukageuka ghafla, na mzigo wote ukashukia kijiji cha Chilunduma, ambacho ukame ulikuwa umekitia adabu.

Mhandisi Ndahani wa kampuni iliyouza mvua hiyo ndiye aliyekuwa zamu. Sheria ya mauzo aliijua: mzigo ukifikishwa pasipo pake, hasara ni ya muuzaji. Basi kampuni ilipowashtaki wanakijiji ikidai mvua yake, akaenda kutoa ushahidi katika Baraza la Mauzo kwa moyo mweupe, akiamini ukweli utawaokoa. Masikini, hakujua kwamba ukweli nao hukata.

Hakimu hakuwa mtu. Alikuwa Mwamuzi, ubongo wa mashine uliojengewa ukutani, mwenye sauti ya upole.

"Shahidi, uliwaona wanakijiji mvua iliposhuka?"

"Niliwaona kwa jicho la kidege, Mheshimiwa. Ilikuwa furaha! Kina mama walipiga vigelegele, wakatoa ndoo na sufuria wakakinga. Bibi mmoja alicheza matopeni. Kulipokucha wote walikuwa shambani wakipanda uwele."

Alitabasamu akisema hayo, maana alitaka baraza liwaone kuwa ni watu.

"Walikinga, kisha wakatumia," Mwamuzi akasema. "Anayeutumia mzigo ameupokea. Dhima imemtoka muuzaji. Mzigo urejeshwe."

Kampuni ikapeleka mfyonzo, mtambo wa mirija inayozama ardhini na kunyonya unyevu. Uwele uliokwisha chipua ukalala chini. Unyevu wa udongo haukutosheleza kipimo cha mvua iliyodaiwa, mirija ikahamia kisimani.

"Mwanangu," Mama Nyemo, mwenyekiti wa kijiji, akamwambia Ndahani aliyekuja kushuhudia, "kisima hiki walichimba wazee wetu, mvua ikiwa bado haiuzwi."

"Najua, mama."

"Sasa?"

Ndahani akageuka, akaenda zake kwa aibu.

Aliacha kazi, akawa anawapelekea maji kwa gari lake, maji ambayo hayakutosha hata kupikia. Alasiri moja akiwa kijijini wingu likatanda. Akatazama kipimaanga chake: hakukuwa na kidege hata kimoja.

"Tokeni!" akapaza sauti, karibu alie kwa furaha. "Mvua hii si ya kampuni! Ni ya Mungu!"

Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Mama Nyemo akachungulia dirishani.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mama. Naapa!"

"Basi nenda ukawaambie barazani kwanza. Wakikubali, tutatoka."

Akafunga dirisha. Mvua ikapiga mabati, ikatiririka hadi korongoni, na ndani ya nyumba mtoto alikuwa akililia maji.