Fasi ya Kulia

Eliane hakuwa na godoro nene, hakuwa na viatu vya mvua, wala hakuwa na sanduku la bati lenye kufuli kama wenzake wa bweni. Hakuwa hata na Kinyankore cha kujitetea, lugha ya wenyeji wa pale. Hayo yote aliyazoea. Muhula ule wa pili alikosa kitu kingine, na hicho ndicho kilichomshinda.

Kila alfajiri alichota maji, akafagia bweni, kisha akaingia darasa la sita katika shule yao ya Mbarara, jirani na kambi ya jeshi. Baba yake, Mzee Anselme, alibaki katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale akilima mahindi. Huko alibaki pia bibi yake, Eugénie, aliyemlea tangu walipokimbia Kivu Kusini. Siku moja ya soko, mchuuzi wa vitenge akaleta habari: bibi amefariki, na ameshazikwa.

Kwao mtu hafiwi peke yake. Mikeka hutandikwa, majirani wakaja kukaa na mfiwa, naye akalia mpaka moyo utulie. Lakini bwenini kila aliyelia aliambiwa anyamaze, watu wanataka kulala. Eliane akameza machozi yake kama dawa chungu.

Shule ilikuwa na kipindi cha dini kila Ijumaa: nyimbo, mahubiri na sala za kuombea mitihani. Ijumaa ile Mwalimu Atuhaire aliuliza nani ana haja ya kuombewa. Eliane akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi sina fasi ya kulia."

Fasi, kwa Wakongo, ni mahali. Hilo mwalimu alilijua. Lakini Kiswahili chake alikipata kambini kwa mumewe mwanajeshi, na aliposikia mahali pa kulia, aliwaza benchi na sahani. Akasikitika kweli. Mchana huohuo mpishi akaagizwa amtengee Eliane kona ya bwalo, na amjazie posho, ule ugali wa shule, na maharagwe.

Darasa likapata kichekesho. Meddy, mtoto wa sajini, akampa cheo. "Afande Sahani," alimwita akimpigia saluti, "leo unamaliza sufuria ngapi?"

Eliane angemsahihishaje mwalimu aliyemtendea wema? Alilelewa asiwarudishie wakubwa maneno. Hatimaye akafunga nguo zake katika kitenge, akaazimia kurudi Nakivale, hata kama masomo yake yangeishia hapo.

Mwalimu Atuhaire alimkuta bwaloni, furushi mapajani, chakula hakijaguswa.

"Mwanangu, mahali pa kulia nimekupa. Mbona huli?"

"Sikuomba chakula, Mwalimu. Koko yangu amekufa, yule bibi aliyenilea. Niliomba fasi ya kulia." Akagusa macho yake kwa kidole.

Mwalimu akaketi kando yake. Kisha akamwomba msamaha, mkubwa kwa mdogo, wala hakuona haya.

Jioni ile stoo ya ngoma ikafagiliwa, mikeka ikatandikwa. Wasichana wa bweni wakaja, Wakristo pamoja na Yudaya aliyekuwa Mwislamu, wakakaa na Eliane bila maneno mengi. Alilia mpaka kwikwi zikaisha. Halafu akaimba wimbo wa bibi yake, na waliojua kiitikio wakaitikia.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Meddy. Baba yake alipelekwa vitani Somalia, na tangu Pasaka hawakupata habari zake. Hakuwa amemwambia mtu.

"Hapa ndiyo fasi ya kulia?" akauliza, safari hii bila saluti.

Eliane akasogea, akaupiga mkeka kwa kiganja. "Ikala," akasema kwa Kiswahili cha kwao, na Meddy akaketi.

Tangu hapo kipindi cha Ijumaa kilikuwa na muda wa kukaa pamoja katika stoo ile, kwa kila aliyehitaji. Mwalimu Atuhaire aliwaambia wanafunzi wote sababu yake:

"Nilisikia neno, nikadhani nimeelewa, nisiulize. Msiniige. Mwili una mahali pake pa kulia, na roho nayo ina mahali pake pa kulia. Shule yenye mojawapo tu imejengwa nusu. Na wewe mwenye uzito moyoni, sema. Usipoeleweka, sema tena."

Eliane akafungua furushi lake, akamwandikia baba yake kwamba atabaki hadi shule ifungwe, na kwamba mkeka wa msiba wa bibi usikunjwe kabla hajafika. Gundi haikuwepo. Akaipaka bahasha uji mzito wa asubuhi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akampa dereva wa lori la mahindi aliyekuwa akielekea Nakivale.