Chaki Kwenye Gari la Baba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Nati alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Alitunga mweusi, mweupe, mwekundu na wa bluu, akazichomeka sindano kwenye kimto kando ya cherehani, kila rangi mahali pake, ili mama asihangaike kutwa nzima kutafuta tundu. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Mama alisema macho yamechoka tu, naye Nati akamwambia aazime miwani ya bibi. Sasa haukuwa mchezo tena, na utani wa miwani hakuna aliyeurudia.

Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, lakini lilikaa shuleni kwenye daftari la mahudhurio. Mtaani aliitwa Nati, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa alikuwa akiokota nati kwenye karakana ya baba yake na kuzitia mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado mifuko yake ililia kila alipotembea.

Karakana yenyewe ilikuwa uani, chini ya paa la mabati. Baba yake alikuwa fundi wa bodi za magari: aliyegonga mlango au kubonyeza bampa alikuja kwake. Na pale pembeni kabisa, chini ya turubai, lilikaa gari la baba mwenyewe. Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, ambalo alilinunua likiwa mkweche mtupu. Tangu hapo kila alichopata alikimalizia humo. Alilitia injini yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ili ivute kwa nguvu. Alilivisha matairi mapana, akalishusha chini mpaka paka alipita uvunguni kwa kuinama. Kilichomshinda ni kutu. Akiifukuza huku, inatokea kule. Majirani walikuwa wakiuliza, "Fundi, gari lako linatoka lini?" naye anajibu, "Kesho." Walimtania kwamba kesho yake haimo kwenye kalenda. Mama aliliita gari hilo mke mwenzangu.

Siku mama alipoanza kugonga vitu upande wa kulia, walikwenda hospitali. Daktari wa macho hakuzunguka. Alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linafuata, na dawa za matone zimeshindwa. Daktari wa upasuaji angekuwapo hapo mpaka Jumanne, kisha anaondoka, na malipo lazima yatangulie.

"Tukiwahi, tutaokoa kile kilichobaki," alisema. "Kilichokwisha kupotea hakirudi, mama. Sitaki kukudanganya."

Jioni ile baba alitoka uani, akalivua gari turubai, akalitazama. Alirudi ndani akasema, "Linauzwa."

"Unamwacha mke mwenzangu kwa ajili yangu?" mama aliuliza.

"Yeye hajui kushona," baba alijibu, na wote watatu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu.

Sasa, huyu fundi alikuwa na tabia moja iliyojulikana mtaa mzima. Gari likiuzwa kwenye karakana yake, liwe lake au la mtu, alilizunguka kwanza na kipande cha chaki. Ni chaki ya mama, ile bapa ya kuwekea alama kwenye nguo. Kila penye kutu, ufa au bonyeo, alichora duara. Hakungoja mnunuzi aulize. "Mke wangu hukata nguo kwa kufuata chaki," alikuwa akisema, "na mimi nauza gari kwa kufuata chaki." Mafundi wenzake walimcheka. Walisema anauza gari na huku anamfukuza mteja.

Na kweli wateja walifukuzika. Alikuja dereva wa lori, akayaona maduara, akasema, "Fundi, hili gari lina ndui," akaenda zake. Wakaja vijana wawili. Waliposikia injini ikinguruma walirukaruka kwa furaha, kisha wakaona duara kubwa kwenye kizingiti cha chuma chini ya mlango wa dereva. Pale kutu ilikuwa imekula mpaka kidole kinapita. Nao wakaondoka. Ikafika Jumamosi. Nati alimtazama mama yake akipapasa ukuta kutafuta mlango wa chumba alicholala miaka yote, na akashindwa kula. Aliichukia ile chaki. Aliona ndiyo inayomla mama yake jicho.

Asubuhi hiyo baba na mama walikwenda hospitali kuomba wasogezewe siku. Nati akabaki peke yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Alisokota magazeti ya zamani, akayashindilia kwenye lile tundu la kizingiti. Juu yake alipaka puti, ule udongo mlaini ambao mafundi hujazia mabonyeo, kama alivyomwona baba akifanya mara nyingi. Ilipokauka aliipiga msasa, akapuliza rangi nyeusi. Duara la chaki alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Kazi ilitoka safi. Alikuwa binti wa fundi, hilo huwezi kumnyima.

Wazazi walirudi. Siku haikusogezwa. Mama alikwenda moja kwa moja kitandani, na baba akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Hapo ndipo mtu akabisha hodi uani.

Alikuwa kijana mmoja mwoka mikate, viatu vyake bado vina unga. Nati alimwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye gari. Alisema amelitamani gari la aina ile tangu utotoni. Sasa amepata mtoto wake wa kwanza, na mkewe amemruhusu ujinga mmoja wa mwisho.

Baba alisimama kwa uchovu. "Kwangu ubovu wote huwekewa alama. Nati, mzungushe mgeni umwonyeshe. Alama zote zipo?"

Nati alikitupia jicho kizingiti. Angeweza kusema pale pale, na hadithi hii ingekuwa fupi. "Zipo, Baba," alisema.

Alimwonyesha duara la kwenye bawa la juu ya gurudumu, la kwenye buti, na yale mawili madogo karibu na taa. Mwoka mikate alitoa sumaku mfukoni, akaipitisha hapa na pale, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sumaku hushika chuma, puti haishiki, na kila mnunuzi mjanja anayo moja. Lakini kizingiti kilikuwa chini sana, naye hakuinama mpaka huko. Baba aliwasha injini. Tabo ikapiga mluzi, na kijana akafumba macho akisikiliza. Hawakubishana sana juu ya bei.

"Acha nikuletee kadi ya gari," baba alisema, akaingia ndani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nati alimsikia akimwambia mama, "Inuka, mama watoto. Mungu mkubwa."

Hapo Nati angepaswa kufurahi. Lakini mwoka mikate alikuwa ameshaokota jeki.

"Nichungulie ekzosi kidogo, mdogo wangu," alisema. Akaisukuma jeki chini ya kizingiti cha mlango wa dereva, pale pale penye puti mpya na magazeti, akaanza kupandisha. Gari liliinuka. Akalala chali, akaanza kujiburuta uvunguni, kifua tayari kimeingia.

Nati alisikia mlio mdogo, wa kitu kikavu kinachopasuka. Alijua ni nini. Alijua pia kwamba akisema neno moja, gari haliuziki na Jumanne inapita. Akilini alimwona mama yake akipapasa ukuta. Kisha akaviona viatu vile vyenye unga.

"Toka!" Alimshika miguu yote miwili akavuta kwa nguvu zake zote. "Toka, kaka, pameoza! Ni magazeti!"

Kijana alijisukuma kwa viwiko. Kichwa chake kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka wakati kizingiti kilipofumuka na jeki ikazama ndani yake. Gari lilishuka kwa kishindo, bodi ikagusa sakafu. Vumbi lilipotulia, vipande vya magazeti vilikuwa vimetapakaa.

Baba alitokea mlangoni na kadi mkononi. Alimtazama mnunuzi aliyekaa chini akihema, akatazama kizingiti. Aliokota kipande cha gazeti, akakigeuza.

"Nani?" aliuliza polepole.

"Mimi."

Mwoka mikate alisimama. Alijipapasa kifua kama mtu anayehakikisha bado kipo. Hakugomba. "Nina mtoto wa wiki mbili," alisema tu, akatoka, na mlango wa uani ukabaki wazi nyuma yake. Baba hakumpiga Nati, wala hakumfokea. Alirudi kwenye ile ndoo akakaa, na Nati aliona heri angepigwa.

Mama alikuwa amesikia yote. Alimwita, akamkalisha kitandani, akamshika uso kwa viganja.

"Nilitaka uone, Mama," Nati alisema, na machozi yakamshinda.

"Najua, mwanangu. Jicho langu nalipenda, nani asiyependa jicho lake? Lakini silitaki kwa bei ya mtoto wa mtu. Ningeona nini kwa jicho hilo? Ningemwona mama yake akilia."

Jumapili, Nati na baba walikwangua puti yote. Tundu lilirudi, kubwa kuliko mwanzo. Baba alichukua chaki, akaitazama, kisha akampa binti yake. Nati alipiga magoti akachora duara. Hakuna aliyekuja siku hiyo. Mama alianza kujizoeza kupima kitambaa kwa vidole, macho amefumba, na jambo hilo lilimuumiza Nati kuliko kilio.

Jumatatu alirudi kutoka shule akiwa amekata tamaa kabisa. Alisukuma mlango wa uani, akaviona viatu vyenye unga.

Mwoka mikate alikuwa amechuchumaa mbele ya kizingiti, mbele ya duara la Nati. Baba alisimama kando, mikono nyuma.

"Jana nilikwenda kuangalia gari jingine la aina hii," mwoka mikate alisema. "Linang'aa, unajitazamia uso. Muuzaji aliniapia halina kutu hata chembe. Nikatoa sumaku. Fundi, sumaku ilianguka kila nilipoiweka, kuanzia mlangoni mpaka mabawani. Nikamwambia, wewe mbona huna hata duara moja? Hakunielewa." Alimgeukia Nati. "Na pale hapakuwa na mtu wa kunivuta miguu."

Nati alitazama chini. "Lakini mimi ndiye niliyekudanganya."

"Ndiyo, ulinidanganya. Na ulikuwa na sababu ya kunyamaza, baba yako amenieleza sasa hivi. Hukunyamaza." Alisimama, akajipangusa magoti. "Fundi, nalichukua, kwa bei ile ile. Ila pale utanichomelea chuma, si magazeti."

"Hutoki nalo likiwa hivi hata ukinilazimisha," baba alisema. "Nitakata kutu yote, nichomelee chuma kipya, na sitakudai senti ya kazi. Na huyu atashika msasa mpaka mwisho."

Mwoka mikate alilipa hapo hapo. Baba alimshika mkono mama, wakaenda hospitali kabla ofisi haijafungwa, na Jumanne mama akaingia chumba cha upasuaji. Nati alishinda kwenye benchi la nje, ananusa harufu ya dawa na kuomba Mungu. Daktari alipotoka alisema upasuaji umekwenda vizuri. Lililopotea limepotea, lakini lililobaki limebaki.

Wiki zilizofuata, kila akitoka shule, Nati alipiga msasa. Vidole vilichubuka, mgongo ukauma, na baba hakumwonea huruma. Siku gari lilipotoka, tabo ikipiga mluzi barabara nzima, majirani walitoka kushuhudia. Mmoja alisema, "Kumbe kesho ilikuwa leo." Baba alicheka, kisha akapangusa macho na tambara lenye grisi, akasingizia vumbi.

"Baba," Nati aliuliza, "uliniona mjinga sana?"

"Nilikuona mwoga, na mimi pia nilikuwa mwoga. Hofu si dhambi." Alikaa kwenye ndoo yake, akamsogeza karibu. "Lakini shika hili, mwanangu. Uliichukia chaki, ukafikiri ndiyo inayoharibu gari letu. Kutu ilikuwapo kabla ya chaki. Ukifuta duara, ubovu hauondoki. Unachokifuta ni nafasi ya mwenzako kujihadhari. Ukiuonyesha, mtu ataukataa au ataurekebisha pamoja nawe, na vyote viwili ni nafuu kuliko kumvuta mtu miguu ukiwa umechelewa."

Nati aliingia ndani. Mama alikuwa kwenye cherehani, kitambaa cha hospitali kimeshaondolewa jichoni. Kwenye meza palikuwa na sketi ya shule ambayo Nati alijaribu kushona pindo lake mwenyewe. Lilikuwa limekwenda mrama upande mmoja. Alikuwa amepanga kulikunja ndani lisionekane. Aliwaza kidogo, akachukua chaki, akachora duara pale pindo lilipopinda, akaiweka sketi mbele ya mama yake.

Mama aliinama, akaisogeza karibu na jicho la kushoto.

"Nimeliona," alisema. "Lete mkasi, tufumue."