Mwanafunzi Hewa wa Darasa la Ushairi

Karatasi ya mahudhurio ilizunguka darasa zima ikarudi mezani na sahihi kumi. Wanafunzi walikuwa tisa.

Mwalimu wa ushairi, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Beti kwa kuwa hakuweza kusikia salamu bila kuhesabu mizani zake, alihesabu vichwa mara mbili. Tisa. Sahihi ya kumi ilikuwa ya rangi ya kutu, na karatasi ilinuka nywele zilizoungua. Alijua fika ile nafasi ya kumi ilitoka wapi, kwa hiyo aliikunja karatasi akaitia mkobani.

Chuo kilikuwa na sheria isiyo na huruma: somo lisilofikisha wanafunzi kumi linafungwa, na mwalimu wake anaoneshwa mlango. Siku hizi kila mtu anakimbilia biashara na kompyuta. Ushairi ulibaki na tisa. Miaka kumi na minane ya kufundisha ilikuwa inaning'inia kwa mtu mmoja. Basi, kabla karatasi ile haijazunguka, alikuwa amempigia simu karani wa usajili, ambaye ni mke wa kaka yake.

"Wifi, nifanyie mpango. Niongezee hata mwanafunzi hewa."

"Jina nani sasa? Daftari halikubali nafasi tupu."

"Andika yeyote, wifi. Yeyote tu."

Karani alikuwa na foleni mlangoni na chai inapoa. Akaandika kama alivyosikia. Jina: Yeyote. Maskini, walidhani wanamdanganya mkuu wa chuo tu. Kumbe walikuwa wametoa mwaliko, kwa maandishi, tena na mhuri juu yake.

Wiki ya pili, kiti cha nyuma karibu na dirisha kilikutwa kimevutwa, na aliyekigusa aliondoa mkono haraka kwa sababu kilikuwa cha moto. Wiki ya tatu, Mwalimu Beti aliita namba akaishia tisa makusudi. "Nipo," ikasema sauti kavu kutoka nyuma. Wanafunzi walicheka, wakidhani mwenzao anatania. Naye akacheka nao, aibu yake. Angeweza kwenda kuifuta ile nafasi siku hiyohiyo, lakini ukaguzi wa idadi ya wanafunzi ulikuwa bado wiki mbili, na aliitaka kazi yake.

Wiki ya nne, mmoja wa wale tisa, msemaji mkuu wa klabu ya mdahalo, hakuja darasani. Alikuwa anajiandaa na fainali ya jioni. Mwalimu aliita namba yake, kalamu tayari kuweka alama ya kukosa.

"Nipo, Mwalimu," ikajibu sauti ya binti yule, nyororo vilevile, kutoka kwenye kiti kitupu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni, ukumbini, msemaji alisimama mbele ya watu mia tatu akafungua mdomo na hakikutoka kitu, akashika koo, akajaribu tena huku midomo ikicheza bure, akamtafuta mwalimu wake kwa macho, na Mwalimu Beti akatazama viatu vyake.

Kesho yake aliingia ofisi ya usajili akafunga mlango.

"Kinamjibia asiyekuwepo," alinong'ona. "Kikishamjibia, kinaondoka na sauti yake."

"Ndiyo nini hicho, wifi?"

"Usikiite. Tulishakiita mara moja."

"Tukikifuta mnabaki tisa. Utafukuzwa."

"Nifukuzwe. Yule binti ana miaka ishirini."

Daftari likishapigwa mhuri lilikuwa linafungiwa ofisini kwa mkuu wa chuo, na mkuu huondoka kwenda kikaoni saa nane mchana, saa ileile ya ushairi. Hapakuwa na wakati mwingine. Saa nane na dakika tano karani, Mwalimu Beti akiwa kando yake, alivuta mstari mwekundu juu ya nafasi ya kumi. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, kisha ikakatika. Simu ya Mwalimu Beti ikalia.

"Mwalimu, naongea," msemaji alisema kutoka darasani huku akilia. "Mwalimu, nimepona."

Mwalimu Beti naye alilia, kwa furaha kabisa, akatoka mbio kwenda kumwona, akaacha hata mkoba wake juu ya kiti. Walikuwa wamemfuta mwanafunzi. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa hiyo mwalimu naye hakuwepo darasani.

Alikimbia ngazi mbili mbili, akapita maktaba, akapita chumba cha muziki, na alipokaribia mlango akasikia namba zinaitwa mojamoja na wanafunzi wanaitika mmojammoja, na sauti iliyokuwa inaita, kwa utaratibu ule wa kupima kila neno, aliifahamu kuliko anavyoifahamu sura yake kwenye kioo, na alipotaka kupiga kelele koo lake likawa kavu na tupu.

Karani alifika nyuma yake na mkoba. "Wifi, umesahau mkoba wako."

"Abee, wifi," ikaitika sauti kutoka ubaoni. "Niwekee hapo mezani."

Karani akampita pale mlangoni kama anavyompita mtu asiyemjua, akauweka mkoba mezani, akatoka anatabasamu.

"Naona tumetimia," sauti ikaendelea. "Wewe wa mlangoni, umechelewa. Kiti chako kile, karibu na dirisha. Jina lako nani?"

Wanafunzi tisa waligeuka kumtazama mgeni. Mwalimu Beti alifungua mdomo, akaufunga.

"Hasemi," ikasema sauti yake mwenyewe, nayo ikachukua kalamu. "Haya. Tutaandika yeyote."